Nyota za bima ya dawa zinampima nani?

(Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokuwa kazini Jumamosi ile. Niliisema kwenye ukumbi wa kanisa hapa Lexington, Kentucky, mbele ya wazee wetu na watoto waliowaleta. Picha za kwenye skrini nimeziacha.)

Baba zangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Waliotoka Bukavu, Uvira, Goma, jambo kwenu. Waliotoka Kenya na Tanzania, habari za mchana. Na nyie vijana mliowaendesha wazazi mpaka hapa siku yenu ya mapumziko, asanteni sana, na msiende kukaa kwenye magari, mazungumzo haya yanawahusu kuliko mnavyodhani, maana fomu zote mnajaza nyinyi.

Wengi mnanijua, nafanya kazi famasi, ndio huyo mnayemkuta kaunta anawauliza tarehe ya kuzaliwa. Leo nataka tuongelee kitu kimoja tu, hizi nyota wanazopewa mipango ya bima ya dawa. Kila ikifika Oktoba sanduku la posta linajaa barua, TV haitulii, mawakala wanapiga simu, na kila mmoja anasema mpango wetu una nyota nne, mpango wetu una nyota nne na nusu. Hizo nyota nani anazitoa? Zinapima nini hasa? Na swali langu kubwa, wewe baba uliyekaa hapo mbele, wewe mama, umo kwenye hicho kipimo au haumo?

Tuanzie mbali kidogo. Zamani Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani ambayo hasa ni ya wazee, ilikuwa hailipii vidonge vingi vya kunywa nyumbani. Sheria iliyobadilisha hilo ilisainiwa na Rais George W. Bush Desemba 8, 2003, na bima ya dawa tunayoiita Part D ikaanza kazi Januari 1, 2006. Ila serikali haikuuza bima yenyewe, kazi hiyo walipewa kampuni binafsi, kila kampuni na orodha yake ya dawa, bei zake, famasi zake. Sasa kampuni zikiwa nyingi namna hiyo mzee wa miaka sabini atajuaje ipi nzuri? Ndiyo ikaja hii habari ya nyota, moja mpaka tano. Wanaozitoa ni CMS, ofisi ya serikali inayosimamia Medicare, na zinatoka upya kila Oktoba, kabla hujaanza ule msimu wa kuchagua wa Oktoba 15 mpaka Desemba 7.

Upande wa dawa vipimo ni kama dazeni moja. Wanaangalia watu wanaendelea na dawa zao za sukari, presha na kolesteroli au wanaacha njiani. Wanaangalia malalamiko. Wanaangalia wangapi wameuhama mpango. Wanaangalia watu wenyewe wanasemaje wakiulizwa kama dawa wanazipata kirahisi. Wanaangalia mtu asiyejua Kiingereza akipiga simu anapata mkalimani au hapati. Ni vipimo vya maana hivi, msije mkasema nimesema nyota ni uongo, sijasema hivyo. Mpango ukikaa chini ya nyota tatu miaka mitatu mfululizo unawekewa alama ya onyo, na ukiiona hiyo alama kimbia.

Lakini nyota zina upofu wake, na upofu huo unatuangukia sisi.

Kuna mama mmoja wa hapa hapa, simtaji jina, ameniruhusu niseme habari yake. Alikuwa na mpango wa nyota tatu na nusu na hakuwa na shida nao. Wakala akampigia, akamwambia mama wewe uko pabaya, kuna huu wa nyota nne na nusu. Nyota nne na nusu, nani atakataa? Akahama. Januari akaenda kuchukua ile dawa yake ya kuvuta ya pumu aliyoitumia miaka, akaambiwa haimo kwenye orodha ya mpango mpya, akarudishiwa kadi yake basi, hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo. Kiingereza chake kidogo, akaona aibu kuuliza, akarudi nyumbani. Akakaa bila dawa Januari hii ya Kentucky mnayoijua, usiku anakaa kitandani hawezi kulala chali, mpaka mtoto wake akagundua akamleta.

Niwaulize, ule mpango ulikuwa mbaya? Kwa vipimo vya serikali ulikuwa mzuri tu. Ila nyota hazikuwahi kuuliza mama anavuta dawa gani. Haziulizi! Nyota haijui dawa yako. Nyota haijui famasi yako. Nyota haijui utalipa shilingi ngapi. Tena hizo nyota hata si za mpango wako peke yake, zinatolewa kwa mkataba mzima kati ya kampuni na serikali, na ndani ya mkataba mmoja inaweza kuwemo mipango kadhaa, mingine iko majimbo tofauti kabisa, wote wanavaa nyota zilezile.

Kuna hata kipimo cha usahihi wa bei, na watu wakikisikia wanafikiri kinapima unafuu. Hapana. Kinaangalia kama bei iliyoandikwa kwenye tovuti ya Medicare inalingana na bei ya pale kaunta. Dawa ikiandikwa dola mia tatu na ukatozwa dola mia tatu, kipimo kimefaulu. Wewe umefaulu?

Kwa hiyo utaratibu uwe hivi. Kwanza dawa zako, zote, jina na dozi yake, unaingiza kwenye tovuti ya Medicare au unamwambia kijana wako aingize. Pili famasi unayoweza kufika, manake mipango mingi ina famasi iliyozichagua yenyewe na bei inakuwa chini huko, ukienda nyingine unalipa zaidi kwa kidonge kilekile. Tatu angalia kama dawa imewekewa masharti, kwamba daktari aombe kibali kwanza, au uanze na dawa ya bei nafuu kabla hawajakulipia hii. Halafu angalia gharama ya mwaka mzima, usiangalie tu malipo ya kila mwezi. Ukishabakiwa na mipango miwili mitatu inayolingana, hapo sasa nyota zikusaidie kuamua. Nyota ziingie mwisho, zisiingie mwanzo.

Na kitu ambacho yule mama hakuambiwa, tafadhali wekeni akilini: ukiingia mpango mpya na dawa uliyokuwa unaitumia haimo kwenye orodha, au inataka kibali, ndani ya siku 90 za kwanza una haki ya kupewa dawa ya muda, angalau ya mwezi mmoja, wakati wewe na daktari mnahangaikia suluhisho. Mwezi mmoja! Angelala usingizi wake. Na daktari akiomba mpango uilipie dawa hiyo kwa namna ya pekee wana saa 72 za kutoa jibu baada ya kupokea maelezo yake, na kama afya iko hatarini ni saa 24. Wakikataa, unakata rufaa. Usiondoke kaunta na mikono mitupu kwa sababu ya aibu, muulize mtu aliyesimama pale, naomba dawa ya mpito. Mseme kwa Kiingereza hata kwa kuandika kwenye karatasi: transition fill. Watu wa famasi wanaijua.

Sasa la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi.

Hivi serikali inajuaje kwamba mzee anakunywa dawa yake ya presha? Inamtuma mtu nyumbani? Inapima presha yake? Hapana. Inaangalia risiti. Kila ukichukua dawa kwa kadi yako ya Part D rekodi inakwenda, dawa fulani, siku 30 au siku 90, tarehe fulani. Wanahesabu siku ulizokuwa na dawa mkononi, na zikifika asilimia 80 unahesabiwa mtu anayefuata dawa. Kwa mwaka mzima ni kama siku 292. Ukipungua hapo unahesabiwa umeacha, na mpango wako unapungukiwa. Na vipimo hivi vitatu, sukari, presha, kolesteroli, kwa miaka mingi vimepewa uzito mara tatu. Ndiyo maana unapigiwa simu, mzee dawa yako inakaribia kuisha. Kwa ile mipango ya Medicare Advantage inayobeba hospitali na dawa pamoja, kufika nyota nne kunaleta bonasi ya pesa kutoka serikalini, kwa hiyo hizo simu zina sababu.

Nina wazee wawili nataka muwaone. Wa kwanza anakunywa losartan, dawa yake ya presha, kila asubuhi baada ya chai, haachi, mke wake ni shahidi. Ila aliambiwa na rafiki kwamba kuna duka linauza dawa za kawaida kwa dola chache bila bima, akawa analipa keshi, kadi haonyeshi. Halafu akaenda Bujumbura kumzika kaka yake akakaa miezi mitatu, dawa akanunua kule kule. Huyu kwenye komputa ni nani? Ni mtu aliyeacha dawa. Wa pili, dawa zinamfikia kwa posta kila siku 90, zenyewe tu, hajaomba. Binti yake alipofungua droo akakuta chupa zimepangana hazijafunguliwa, zilikuwa zinamletea mzee kizunguzungu akaziacha kimya kimya. Huyu kwenye komputa ni nani? Ni mgonjwa wa mfano, asilimia mia moja!

Mmeona? Anayekunywa anaonekana hanywi, asiyekunywa anaonekana anakunywa.

Na hata hiyo presha yenyewe wanahesabu aina fulani tu ya dawa, zile za kundi la lisinopril na losartan. Mwenye kutumia amlodipine peke yake, nayo ni dawa ya presha, hayumo kwenye hesabu hiyo kabisa. Anayechoma insulini hayumo kwenye hesabu ya sukari. Nafahamu kwa nini, dozi ya insulini inabadilika badilika, huwezi kuhesabu siku kirahisi, lakini si ndio hao wenye sukari kali zaidi? Ndio hao.

Mtaniuliza, sisi inatuhusu nini kampuni ikikosa nyota? Inawahusu hivi. Ukilipa keshi, pesa hiyo kwa kawaida haihesabiwi kwenye kikomo chako cha mwaka, na sasa hivi kuna kikomo, mwaka 2025 kilikuwa dola 2,000 na mwaka 2026 ni dola 2,100, ukifika hapo dawa zilizomo kwenye mpango hulipi tena mpaka mwaka uishe. Hiyo imetokana na sheria iliyosainiwa Agosti 2022, sheria hiyohiyo iliyoweka insulini isizidi dola 35 kwa mwezi. Ukinunua duka hili keshi na famasi ile kwa kadi, hakuna anayeona dawa zako zote kwa pamoja, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka kwamba dawa mbili zinagombana mwilini mwako. Na mipango ikiangalia rekodi zake inaona hawa watu wetu hawafuati dawa, kumbe mnafuata sana, mnafuata kwa jasho lenu.

Wengi mnalipa keshi kwa kuogopa kadi. Wengi humu ndani, nawaangalia hivi, mna haki ya Extra Help, msaada wa serikali wa kulipia bima ya dawa kwa mwenye kipato kidogo, na tangu 2024 msaada kamili unawafikia watu wengi zaidi kuliko zamani. Mmeomba? Basi leo ombeni.

Na ukisafiri kwenda nyumbani sema mapema. Mwambie mtu wa famasi nasafiri, naomba nichukue dawa za siku nyingi kabla sijaondoka. Mipango mingi inaruhusu, ila lazima uombe kabla, ukiwa Namanga umeshachelewa.

La tatu ni lugha. Hapa nina habari ya kweli kabisa ilifika mpaka mahakamani. CMS wana watu wanaojifanya wateja, wanapiga simu kwenye mipango wakiongea lugha za kigeni, wanapima kama watapata mkalimani na jibu. Mwaka 2024 UnitedHealthcare, kampuni kubwa kabisa, ilishtaki serikali huko Texas kwa sababu ya simu moja. Simu moja! Walisema simu hiyo haikuhesabiwa kwa haki na imewashushia nyota. Novemba mwaka huohuo jaji akakubaliana na kampuni, CMS wakaamriwa wahesabu upya bila simu ile.

Mimi niliposoma habari hiyo nilikaa nikafikiri. Simu moja ya mtu asiyeongea Kiingereza ina uzito wa kupeleka kampuni kubwa mahakamani. Na simu zetu sisi? Lugha wanazopimia ni chache, Kihispania, Kivietinamu na nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo. Sisi tukipiga tukakatwa, hakuna jaji, hakuna nyota iliyoshuka. Lakini haki ya mkalimani tunayo hata kama hawatupimi nayo, mpango lazima ukupatie mkalimani na bure. Ukipiga sema tu "Swahili" halafu subiri, usikate simu. Usimpe mjukuu wa miaka kumi akutafsirie dawa ya moyo. Nimeona mtoto anamwambia bibi yake kidonge mara mbili kwa siku wakati chupa inasema kila baada ya siku mbili, na mtoto hana kosa lolote pale, kazi ile si yake.

La nne, bahasha. Kila mwaka wanachagua baadhi ya watu katika kila mkataba wanawatumia maswali, miezi ya machipuo hivi. Unaipimaje bima yako ya dawa, sifuri mpaka kumi? Ilikuwa rahisi kupata dawa alizoandika daktari? Majibu hayo yanageuka nyota. Na malalamiko unayopiga 1-800-MEDICARE nayo yanageuka nyota, wanahesabu malalamiko mangapi kwa kila wanachama elfu moja. Kwa nyota za 2023 mpaka 2025 maoni na malalamiko ya wanachama yalikuwa na uzito wa nne, kuzidi hata hizo dawa za presha, kuanzia 2026 umeshushwa ukawa mbili, na mimi naona wamekosea, maana nani anajua ubora wa bima kuliko yule anayesimama nayo kaunta?

Sasa ile bahasha ikifika kwetu inakwenda wapi? Mzee mmoja aliniletea mfuko mzima wa barua nimsomee. Alikuwa hafungui, anajua kila barua ya Kiingereza ni bili. Ndani mlikuwa na maswali hayo, muda wa kujibu umepita. Mlikuwa na ile barua ya Septemba inayosema mwakani tunabadilisha nini, na kweli walikuwa wanahamisha dawa yake ya sukari kwenda ngazi ya bei ya juu. Yote yameandikwa, yote yamefungwa. Na mzee huyu alikuwa na malalamiko mengi jamani! Alinieleza nusu saa nzima jinsi walivyomzungusha. Nikamuuliza baba, umewapigia Medicare ukawaambia? Akasema mwanangu, mimi ni mgeni katika nchi hii, nitalalamikaje.

Wazee wangu, wengi mna kadi hiyo kwa sababu mlifanya kazi miaka mingi mkakatwa kodi, kwenye viwanda vya nyama, kwenye maghala, kwenye kusafisha hospitali usiku. Wengine mnailipia kila mwezi. Kulalamika hakukufukuzishi nchini, hakufuti bima yako. Ukinyamaza, kwenye hesabu unasomeka kama mtu aliyeridhika. Mnakubali hilo? Mnakubali muandikwe mmeridhika na hamjaridhika?

(Hapa watu walijibu hapana, mama mmoja akasimama akasema ya kwake, nikamuacha amalize.)

Basi tufanye kazi. Namba ni 1-800-633-4227, inapokea saa ishirini na nne na mkalimani yupo. Vijana, andikeni kwenye simu za wazazi sasa hivi, msiseme mtaandika nyumbani. Kila jimbo lina washauri wa SHIP, programu ya kuwashauri watu wenye Medicare, ushauri wao ni bure na hawauzi bima ya mtu yeyote, muwatofautishe na mawakala. Wakala anayekupigia bila wewe kuomba, usimpe namba ya kadi yako hata aseme ana nyota ngapi.

Kuna meza mbili kule nyuma. Ya kushoto ni ya dawa, mliokuja na chupa kwenye mikoba kama tulivyotangaza leteni zote, na zile za kutoka nyumbani, na za kienyeji pia, hatumgombezi mtu, tunaandika orodha moja ya kila mzee ambayo mtaitumia kulinganisha mipango. Ya kulia ni ya barua na fomu za Extra Help. Wanaotembea kwa fimbo waanze wao, vijana wapisheni, na aliyeleta bahasha ambazo hazijafunguliwa azilete hivyohivyo, tutafungua pamoja.